Joto na unyevu katika kizimba cha chatu: somo kwa wafugaji wa Nairobi

Julai mwaka jana chatu wangu alijivua gamba vipande vipande, kama maganda ya kitunguu kikavu, na pete ya ngozi ikabaki imekaza kwenye ncha ya mkia. Kosa lilikuwa langu, kwani niliongeza joto nikasahau maji. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 katika nyuzi 20 hubaki na asilimia 45 hivi ikipashwa hadi nyuzi 30, ingawa hakuna tone lililopotea. Katika mji huu ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo baridi ya Julai hutulazimisha kuwasha mitambo ya joto usiku kucha, kila anayepasha kizimba anakikausha pia.

Ninamzungumzia Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, na ninachukulia kwamba kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unacho.

Hatua ya kwanza ni kupima. Weka vipimajoto viwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, katika kimo anacholala nyoka. Vipimaunyevu vya mshale hudanganya mno. Nunua cha tarakimu.

Hatua ya pili ni joto. Tandika mkeka wa joto chini ya theluthi moja ya kizimba, ukiongozwa na thamostati (kifaa kinachozima na kuwasha joto chenyewe), ili upande huo uwe nyuzi 31 hadi 32 na ule mwingine 25 hadi 27. Mkeka usio na thamostati humuunguza nyoka tumbo, nami siuwashi hata kwa saa moja.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiharibu, ni unyevu wa asilimia 55 hadi 65. Badala ya kunyunyiza juu juu asubuhi na jioni, mimina maji kwenye pembe za kizimba ili makumbi ya nazi uliyomtandikia nyoka yalowe chini na kubaki makavu juu, kwa sababu nyoka anayelalia majimaji huota malengelenge tumboni. Chota makumbi ya chini uyafinye: yakishikana bila kudondosha maji, yanatosha. Kisha funika sehemu kubwa ya kifuniko cha wavu kwa plastiki, ukiacha njia ya hewa.

Maswali ya wafugaji

Mwalimu, stima zikipotea usiku nifanyeje?
Kifunike kizimba kwa blanketi bila kuziba matundu, na uweke ndani chupa ya maji moto iliyoviringishwa taulo. Usimlishe mpaka joto lirudi, kwa maana chatu aliyepoa hutapika alichomeza.

Macho yake yamekuwa ya buluu. Je, nimwogeshe?
La, ndugu yangu, anajiandaa kujivua. Mpe kisanduku chenye tundu na makumbi mabichi, upandishe unyevu hadi asilimia 70, kisha umwache. Gamba likibaki jichoni usilibandue kwa kucha.

Kioo cha kizimba changu hutona maji kila asubuhi, na jana niliona mapovu puani mwa chatu.
Ongeza matundu ya hewa leo, lakini mapovu hayo hayaponywi na matundu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka, katika mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku lenye joto.