Kumtayarisha Mwana kwa Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Familia za Lamu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotoka, mimi huketi na familia za Amu, Shela, Matondoni na Mokowe ambazo watoto wao wanaelekea chuo kikuu. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye hajawahi kumpeleka mtu chuoni, na sehemu yake kubwa inahusu karatasi, kwa kuwa nimeona wanafunzi hodari wakikwama kwa ajili ya karatasi kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Hatua ya kwanza: nafasi

Mwanafunzi aliyepata alama ya C+ au zaidi huomba kozi za shahada kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. Achague mwenyewe, wazee wamshauri. Akishapangiwa chuo, apakue barua ya kujiunga na aisome yote.

Hatua ya pili: majina yaafikiane

Anzeni hatua hii kabla hata ya matokeo kutoka. Tandazeni mkekani cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo ya KCSE, kitambulisho cha taifa cha mwanafunzi kama anacho, na vitambulisho vya wazazi wote wawili, kisha msome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto huitwa Fatma nyumbani, akaandikwa Fatuma na karani wa hospitali, na shule ikamsajili kwa jina lake na la baba bila la babu. Baba naye huenda ni Mohamed kwenye kitambulisho chake na Muhammad kwenye cheti cha mtoto. Jirani hajali tofauti hizo, lakini mfumo wa kompyuta huwahesabu hao kuwa watu wawili.

Ushauri wangu, ambao nausisitiza kwa kila familia, ni kuichukulia hati ya KCSE kuwa ndiyo shina, kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi kurekebishwa, na kuzivuta nyingine ziifuate. Ikiwa kijana hajachukua kitambulisho, mwambieni asijaze fomu mpaka jina litakaloandikwa lilingane na la KCSE. Kosa la herufi mara nyingi huelezeka kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa tofauti kabisa, itahitajika hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na hilo huchukua muda na fedha.

Iwapo mzazi amefariki, cheti cha kifo kitahitajika. Sisi huzika upesi kama dini inavyotuelekeza, na familia nyingi hubaki na kibali cha mazishi tu, zikidhani kwamba kinatosha. Hakitoshi. Kifo kilichotokea nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu, na ikipita miezi sita usajili huhesabiwa kuwa umechelewa na kudai ushahidi zaidi. Kama mtoto amelelewa na bibi au khalati, msimwandike mlezi mahali pa mzazi kwa kurahisisha mambo, maana taarifa hiyo itapingana na cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya tatu: maombi ya fedha

Kupangiwa chuo hakuleti fedha. Ni lazima mwanafunzi aombe ufadhili na mkopo wa serikali, na laini ya simu atakayotumia iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la mama wala la kaka. Mimi siungi mkono kumwachia mhudumu wa saiba (duka la intaneti) afungue barua pepe na kuweka nywila, kwa kuwa mwaka wa pili, mkopo unapoombwa tena, hakuna anayeikumbuka. Kijana ajaze mwenyewe, mzazi akiwa kando kujibu maswali ya mapato kwa ukweli.

Hatua ya nne: kikao cha familia

Serikali huwapanga wanafunzi katika madaraja kulingana na uhitaji wa familia. Katika mpangilio wa mwaka 2024, daraja la kwanza, la wenye uhitaji mkubwa zaidi, lilipata ufadhili wa 70%, mkopo wa 25%, na familia ikabakiwa na 5% ya karo. Daraja la tano lilipata 30%, 30% na 40%. Mkopo hulipwa baadaye, ufadhili haulipwi. Mkiona daraja halilingani na hali yenu, kateni rufaa mara moja, na sambamba na hilo ombeni basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Ami na shangazi walioahidi kuchangia waitwe kikaoni, kila mmoja ataje kiasi na mwezi.

Hatua ya tano: safari

Godoro na ndoo vinunuliwe huko huko. Anayekwenda Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, apewe sweta nzito na blanketi. Hati halisi akae nazo mwenyewe tangu kwenye boti ya Mokowe hadi mwisho wa safari, zisiingie katika buti la basi, na nakala zake zibaki nyumbani kwa mtu anayeweza kuzipiga picha na kuzituma siku atakapoziitisha.