Tone moja linatosha

Msimu huu wa vumbi Moshi, jicho likitoa usaha na daktari akakuandikia matone ya kloramfenikoli, nawa mikono kwanza, kisha futa matongotongo kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Rudisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ijifanye kifuko, dondosha tone moja tu. La pili humwagika shavuni bure. Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole, vijidudu vitaingia kwenye dawa. Fumba, bonyeza kona ya jicho karibu na pua dakika 1, dawa isishuke kooni (ndiyo ule uchungu unaouonja). Chupa msichangie, tafadhali, na siku 28 baada ya kuifungua itupe. Siku 2 bila nafuu, au mwanga unaumiza? Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC, hapo Moshi. Usijinunulie matone yenye deksamethasoni (steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe).