Jinsi ya kuchora kurudi nyuma kwa Mirihi kwa vipimo vya Ptolemy

Mirihi husogea kuelekea mashariki mbele ya nyota kwa miezi mingi, husimama, hurudi magharibi kwa majuma kadhaa, kisha hushika tena njia yake. Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria katika karne ya 2, alieleza mwendo huo kwa maduara mawili, na vipimo vyake bado vinatoa majibu mazuri. Klabu ya sayansi ya Kisumu, Kakamega au Nakuru inaweza kuvichora kwa alasiri moja.

Andaa karatasi ya manila yenye upana usiopungua sm 45, penseli kali, rula, kipimapembe, pini na kipande cha katoni ngumu. Bikari ya seti ya jiometri huenda isifunguke hadi mm 120, kwa hiyo kata ukanda wa katoni, utoboe matundu mawili na uutumie badala yake. Uzi haufai. Hunyumbulika ukivutwa, duara likatoka umbo la yai.

Kwa vipimo vya Ptolemy, nusukipenyo cha duara kubwa ni 60 na cha duara dogo ni 39.5. Tumia mm 2 kwa kila kipimo kimoja, upate mm 120 na mm 79. Weka alama D katikati ya karatasi, iwe kitovu cha duara kubwa. Hiyo ni Dunia. Kutoka D chora mstari wa msingi kwenda kulia, na huo usiuhamishe hata kidogo. Kitovu cha duara dogo, K, hutembea juu ya duara kubwa. Mirihi, M, iko kwenye ncha ya mkono wa mm 79 unaoanzia K.

Anza siku ya mkabala, yaani siku ambayo Mirihi huchomoza Jua likizama. Siku hiyo K iko juu ya mstari wa msingi na M iko kati ya K na D. Baada ya hapo, kinyume na mwendo wa saa, K husogea digrii 0.524 kwa siku (mzunguko mzima ni siku 687), na mkono hugeuka digrii 0.986 kwa siku ukipimwa kutoka mstari wa msingi. Kila baada ya siku 10 weka nukta ya M, kisha pima pembe ya mstari DM. Unapaswa kupata takriban hivi, alama ya kutoa ikiwa ni upande wa magharibi:

siku 10: −3.5
siku 20: −6.3
siku 30: −7.9
siku 40: −8.1
siku 50: −7.0
siku 60: −4.8

Mirihi inasimama karibu siku ya 37. Kabla ya mkabala mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili, kwa hiyo kurudi nyuma kwote huchukua siku kama 73 na digrii 16.

Mirihi yako ikikataa kabisa kurudi nyuma, angalia pembe ya mkono kwanza. Vitabu vingi hutoa digrii 0.462 kwa siku, na hilo si kosa, ila pembe hiyo hupimwa kutoka mstari DK, ambao wenyewe unazunguka. Ukiipima kutoka mstari wa msingi, mkono unageuka polepole mno kushinda mwendo wa K. Kosa la pili ni kuongeza pembe juu ya pembe kwa kipimapembe. Piga hesabu ya kila siku kuanzia sifuri. Wanaotumia lahajedwali wakumbuke kuwa sin na cos huko husoma radiani.

Sasa jumlisha 0.524 na 0.462. Unapata 0.986, ambayo ndiyo kasi ya Jua angani. Kwa nini duara dogo la Mirihi lifuate ratiba ya Jua? Chora upya: weka Jua katikati, Dunia kwenye duara la mm 79, Mirihi kwenye duara la mm 120, zote zianze upande wa kulia, Dunia ikienda digrii 0.986 kwa siku na Mirihi 0.524. Mstari kutoka Dunia hadi Mirihi utakuwa na urefu na mwelekeo ule ule wa DM, tarehe kwa tarehe. Duara dogo la Ptolemy ni njia ya Dunia yenyewe. Copernicus alichapisha mpangilio huo mwaka 1543. Gawanya 60 kwa 39.5: 1.52, umbali wa wastani wa Mirihi kutoka kwenye Jua ukilinganishwa na wa Dunia. Kipimo hicho kilikuwa ndani ya hesabu za Ptolemy muda wote.

Kuna tatizo, hata hivyo. Mwaka 2003 Mirihi ilirudi nyuma kwa siku kama 60, na mwaka 2024 hadi 2025 kwa siku kama 80. Mchoro wako hutoa 73 daima. Ptolemy aliliona, akaisogeza Dunia kutoka kitovuni. Kwenye mstari wa msingi, weka O mm 12 kulia kwa D, na Q mm 12 kulia kwa O. Duara kubwa lichorwe kutoka O, lakini pembe ya K ipimwe kutoka Q, nukta iitwayo ekwanti. Mkono haubadiliki. Usipime pembe kutoka O kwa mazoea. Hapo ndipo wengi hupotea. Sasa Mirihi inasimama karibu siku ya 41: siku 82 kwa jumla, digrii 20.

Linganisha na mkabala wa tarehe 19 Februari 2027, karibu na nyota Regulus. Kurudi nyuma kunaanza 10 Januari na kwisha 1 Aprili, siku 81. Kutoka Maseno, palipopita ikweta, Mirihi itapita kaskazini ya utosi karibu saa saba usiku. Ukiitazama kuelekea kaskazini, mashariki iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo picha za vitabu vya Ulaya zitaonekana zimepinduliwa. Fanya kazi kubwa Januari na Februari, kabla mawingu ya masika hayajafunga anga.

Ekwanti iliwakera wengi, maana duara linazunguka sawasawa kwa nukta isiyo kitovu chake. Nasir al-Din al-Tusi na baadaye Ibn al-Shatir wa Damascus walitafuta njia za kuiondoa kwa maduara ya ziada. Kepler ndiye aliyeuacha mpangilio wa namna hii, kwa sababu ulitofautiana na vipimo vya Tycho Brahe kwa dakika 8 za pembe (dakika 60 ni digrii moja), akaandika kuhusu duaradufu mwaka 1609. Kwenye duara la mm 120, dakika 8 ni mm 0.28, wembamba kuliko mstari wa penseli ya kawaida. Ukitaka kuiona tofauti hiyo, acha manila uhamie lahajedwali.