Gari Halivuti Mlimani: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Mlima Kitonga ndio ulinitia adabu. Natoka Dar kwenda Iringa kumwona mama, nimepita Ruaha Mbuyuni nikapakia gunia la vitunguu, na Toyota IST yangu ya cc 1500 ikaanza kuupanda mlima kama mzee mwenye pumu. Mguu nimeukandamiza hadi chini, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umegoma kwenye 2500, spidi 25. Nyuma yangu semi lenye kontena linanipigia honi nilipishe. Semi!

Na hapo nilikuwa nimeshabadilishiwa plagi zote nne, eya klina na pampu ya mafuta. Kila fundi alikuja na ubashiri wake, hakuna aliyepima kitu. Huu ndio mpangilio ninaoufuata sasa, naanza na visivyokula hela.

Kwanza, hakikisha kosa ni la injini. Kanyaga mafuta huku unatazama mshale wa RPM na wa spidi. RPM ikipaa na mwendo usiongezeke, nenda ukaangalie giaboksi, au klachi kama gari ni la gia za mkono. Kisha ukitoka safari, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne bila kugusa. Rimu moja ikitoa joto kali kuliko zenzake, breki ya tairi hilo inashika. Jirani yangu alikaribia kufungua injini nzima kwa sababu ya kaliapa moja (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyokwama.

Hewa ni kazi ya dakika kumi. Toa eya klina, iweke mbele ya tochi ya simu. Mwanga usipopenya, nunua nyingine. Gari likilala chini ya mwembe angalia na panya, mimi nimewahi kukuta kiota kizima humo ndani. Sensa ya hewa iliyo kwenye bomba linalofuata isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, uiache ikauke yenyewe. Kitambaa usikipeleke kabisa, ule waya ni mwembamba kama unywele.

Baada ya hapo, moto wa plagi. Nunua ile mashine ndogo ya kusoma makosa, inayochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Yangu ilitoa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, mafuta yake hayaungui sawasawa. Fundi angekimbilia duka la spea. Mimi nilichukua spana namba 10, nikang'oa koili ya tatu (ndiyo inayoipa plagi umeme) nikaihamishia silinda ya kwanza, ya kwanza nikaileta ya tatu, nikafuta makosa na kuzunguka mtaa. Mashine ikasoma P0301. Kosa limehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Lingebaki P0303, ningeangalia plagi ya silinda hiyo, kisha nozeli inayopuliza mafuta, kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Ukishatoa plagi, isome. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi hewa. Ikiwa imelowa oili, injini inakula oili na plagi mpya haitakusaidia.

Mafuta yenyewe: pampu inayochoka huwa haikusumbui mjini, inakuangusha kwenye mlima mrefu. Ndiyo maana kila mtu anaisingizia. Mwambie fundi afunge geji. Injini kama yangu inatakiwa kuwa na presha ya psi 44 hadi 50, na isishuke ukipiga resi. Hiyo kazi mwachie fundi, na sigara ikae mbali.

Sasa lililoniumiza mimi. Koili mpya nilifunga, kumisi kukaisha, lakini gari bado halivuti. Linawaka vizuri, linanguruma vizuri likiwa limesimama, ukilidai nguvu linakabwa. Hiyo ni dalili ya masega kuziba, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki. Nilikuwa nimetembea miezi minne taa ya injini ikiwakawaka, na taa inayowakawaka si sawa na iliyotulia: inakwambia petroli isiyoungua inamwagikia kwenye ekzosi. Inakwenda kuungulia ndani ya masega, yanayeyuka, moshi unakosa njia ya kutokea.

Kulithibitisha hili ni rahisi. Injini ikiwa ya baridi, fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega kwa spana namba 22, kisha endesha kidogo sehemu ya wazi. Litapiga kelele za aibu na taa itawaka, usijali. Nguvu zikirudi ghafla, umempata mwizi. Zima na uirudishe sensa mapema, moshi ule ni wa moto na una sumu. Anayetaka ustaarabu afunge geji ya vakyumu: injini ikinguruma bila mzigo, maeneo ya pwani husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ishikilie RPM 2500. Mshale ukiporomoka polepole, njia ya moshi imeziba.

Wengi watakushauri kuyavunja masega na kuacha bomba tupu. Mimi niliweka mengine, kwa sababu sipendi harufu ile wala taa ya injini isiyozimika. Na fundi akikwambia atakufanyia kazi bure mradi umwachie yale ya zamani, chukua ya kwako uweke kwenye buti. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na yeye anajua pa kuyauza.

Ukimaliza, futa makosa, endesha siku mbili tatu, soma tena. Na wewe wa Dar ukifika Iringa, juu ya mita 1,500, usikimbilie gereji kwa ulegevu kidogo: injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukishuka Mikumi zitarudi.