Jinsi ya kumtembeza mgeni kwenye dhahabu ya Kakamega

Mimi huanzia Ilesi, si mjini. Ukitoka Kisumu, Jiwe Linalolia, mwamba mkubwa unaotiririkwa na maji kama machozi, liko kando ya barabara, na mgeni akiliona kwanza anaelewa kwamba hapa palikuwa na wenyewe kabla ya dhahabu.

Kisha mpeleke Rosterman, mgodi wa zamani wa dhahabu, asubuhi, jua likiwa bado pole. Mweleze taratibu: dhahabu ilipatikana 1931, wazungu wakamiminika, na mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi iliyokuwa na miaka miwili tu, ili mwenyeji aliyenyang'anywa shamba alipwe pesa badala ya kupewa ardhi nyingine. Hapo usiharakishe, mimi bado huumia nikilisimulia. Mgodi ulifungwa 1952.

Watu wanachimba hadi leo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, usishuke shimoni hata ukialikwa, na kaa mbali na anayechoma zebaki, maana mvuke wake ni sumu. Mwombe mama anayeosha mchanga akuonyeshe karai: anazungusha maji, tope jekundu linamwagika, na chini kinabaki kitu kidogo kuliko punje ya wimbi. Mlipe kwa muda wake.

Mkiwahi, pandeni kilima cha Lirhanda mtazame msitu.