Namna ya Kutambua Maana ya Neno "Bill" Katika Sentensi ya Kiingereza

Mkazi wa Dodoma anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "bill" mapema, kwa kuwa mji huu ni makao ya Bunge, na nyumba yenye bomba hapa haikosi kudaiwa fedha za maji. Aliyekariri maana moja tu huishia kuandika kwamba wabunge walijadili bili kwa siku mbili. Kabla ya kufungua kamusi, tazama kwanza neno linaloandamana nalo, hasa kitenzi.

Kitenzi kikiwa "pay" au "settle", tafsiri ni bili, au ankara katika maandishi rasmi. Umeme wa LUKU, kwa vile hulipiwa kabla ya kutumika, kwa kweli hauna "bill". Mghahawani Mwingereza huomba "the bill" ilhali Mmarekani huomba "the check", na kwa Mmarekani huyohuyo "a ten-dollar bill" ni noti ya dola 10.

Kitenzi kikiwa "introduce", "debate" au "pass", tafsiri ni muswada, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuandika "sheria". Muswada husomwa bungeni mara tatu, na hata ukishapitishwa hauwi sheria mpaka Rais auridhie kwa kutia saini. Baada ya hapo Kiingereza huacha kuuita "bill" na kuuita "act". Kwa hiyo "Parliament passed the bill" ni "Bunge limepitisha muswada", na anayeandika kwamba Bunge limepitisha sheria ameiruka hatua moja ambayo kwa mwanasheria ni kubwa.

Likifuatwa na "of", neno hili kwa kawaida humaanisha hati: "bill of lading" ni hati ya shehena ya melini, na "Bill of Rights" ni hati ya haki, kama ile ya Uingereza ya mwaka 1689, ambayo ni sheria kamili ingawa jina lake lingali la muswada. Matumizi yote haya yana asili moja, neno la Kilatini "bulla", yaani muhuri, ambalo baadaye lilihamia kwenye karatasi yenyewe iliyotiwa muhuri.

Mdomo wa ndege nao huitwa "bill", lakini hilo ni neno jingine la Kiingereza cha kale lililofanana tu kwa sauti, na anayesoma habari za yangeyange wa majaruba ya Bahi hawezi kulichanganya na muswada. Herufi kubwa mwanzoni, pasipo "of" mbele yake, mara nyingi huashiria mtu, kwani Bill ni kifupi cha William.

Kitenzi hakitoshi kila mara. Sentensi "Is the bill ready?" ikitamkwa mezani baada ya chakula, anayeulizwa ni mhudumu, ikitamkwa katika ofisi za Bunge, anayeulizwa ni mwandishi wa sheria. Katika sentensi ya namna hiyo, tafuta kwanza nani anamwuliza nani, na wapi, ndipo uandike "bili" au "muswada".