Monita tatu kwa kadi moja, na lini ufunge kadi ya pili

Dogo mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, alinijia na deskitopu yake imeviringishwa khanga, kaipakata nyuma ya bodaboda kama mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na prosesa ya Ryzen 5 3600, madabodi (ubao mkuu wa mashine) ya B450 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super. "Shikamoo fundi. Nataka unifungie kadi ya pili, nicheze lile gemu la malori kwa monita tatu." Hela ya kadi alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza, igeuze mashine tuitazame mgongoni.

Nitaeleza kazi kama nilivyoifanya kwake, na mbele nitamleta mteja mwingine ambaye kadi mbili zilimfaa kweli.

Hatua ya 1: hesabu matundu, usihesabu kadi

Imani iliyoenea ni kwamba kila monita inadai kadi yake. Zamani kulikuwa na ukweli ndani yake, maana kadi za GeForce, zile za NVIDIA, kabla ya GTX 600 za mwaka 2012 ziliwasha monita mbili tu. AMD, wapinzani wao, walishafika tatu tangu Radeon HD 5000 za mwaka 2009. Leo kadi moja ya kawaida ya gemu inawasha hadi monita nne, mradi ina matundu ya kuzichomeka. Kadi ya dogo ilikuwa na HDMI moja, DisplayPort moja na DVI moja. Matundu matatu, monita tatu. Habari ya kadi ya pili ikafia hapo hapo mezani.

Tundu la HDMI lililopo kwenye madabodi usilihesabu mpaka uijue prosesa yako. Ryzen 5 3600 haina sehemu ya picha ndani yake, na Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F ni hivyo hivyo. Kwa mashine hizo tundu lile ni pambo. Nimeshaletewa kompyuta "mbovu, haioneshi" ambayo kosa lake lilikuwa waya kuchomekwa hapo.

Halafu kuna VGA, tundu la monita la zamani. Monita za mtumba zinazopatikana hapa mjini nyingi zimetoka maofisini, na baadhi zina VGA tu. Kadi za siku hizi hazitoi tena mawimbi ya VGA. Itazame DVI ya kadi yako: ule mfereji mmoja bapa ukiwa peke yake, bila vitundu vinne vinavyouzunguka, kile kiadapta cha bei rahisi cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitaingia, na ukikilazimisha utapindisha pini. Nunua adapta yenye saketi ndani, inayotoka HDMI kwenda VGA. Au tafuta monita nyingine, ndivyo ningefanya mimi.

Hatua ya 2: pikseli zako kadi inaziweza?

Kuwasha monita tatu si kazi. Kuchezea gemu kwenye monita tatu ndiyo kazi. Monita moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Tatu zinafika 6,220,800, yaani robo tatu ya 4K. Kadi inayokupa fremu 90 kwa sekunde kwenye monita moja usitegemee ikupe 90 kwenye tatu. Kwa gemu la malori, ambalo muda mwingi ni barabara na mbingu, GTX 1660 Super inajikongoja vizuri ukishusha vivuli na miti ya mbali. Kwa gemu za kupigana risasi, cheza kwenye monita ya katikati, hizo mbili za pembeni ziweke ramani na mazungumzo.

Hatua ya 3: umeme, hapa usikimbie

Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sloti ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GTX 1660 Super inakula wati 125. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65 lakini ikibanwa inafika 88. Madabodi, RAM, diski na feni wape 60. Jumla ni kama 275. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inatosha na inabaki na pumzi. Nimesema ya kweli kwa sababu zipo zinazobandikwa 600 na ukizinyanyua ni nyepesi kama kopo tupu. Uzito si kipimo cha maabara, ila umenisaidia zaidi ya stika.

Mashine iliyotoka Marekani ikiwa na kile kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai, kisome kabla hujachomeka chochote. Kikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni 230, utasikia mlio mmoja, harufu itafuata, na pawa saplai hiyo imekwisha.

Kadi ikitaka pini 8 na pawa saplai haina, fundi wa haraka atakuuzia adapta ya kugeuza waya wa SATA. Kataa. Tundu la SATA kwa volti 12 limepangiwa wati 54, na kadi inaweza kudai 75 au zaidi kupitia hapo. Plastiki inayeyuka, nimeiona ikiyeyuka.

La mwisho nitalisema kwa aibu. Kuna pawa saplai ambazo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili. Miaka ya mwanzo niliwahi kubadilisha pawa saplai ya mteja nikaacha nyaya za zamani mahali pake, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa vizuri na vichwa viliingia bila kugoma. Upande wa kompyuta nyaya zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Nilipowasha, diski ya mteja ilikufa, na ndani yake mlikuwa na picha za msiba wa bibi yake. Nililipa diski. Picha sikuweza kuzilipa. Tangu siku hiyo pawa saplai ikitoka, inatoka na nyaya zake zote.

Umeme wenyewe ukikatika katikati ya gemu hakuna la kufanya zaidi ya UPS (betri ya akiba), na hapo soma wati, usisome VA. UPS ndogo iliyoandikwa 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hivi. Monita tatu za inchi 24 ni wati 75 kwa pamoja, kompyuta 275, umeshafika ukingoni. Nunua inayozidi hapo, na uitegemee kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima tu.

Hatua ya 4: kufungua na kufunga

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa kadi. Laza kesi ubavu ili kadi iingie kwa kwenda chini, usipambane nayo ikining'inia. Sukuma mpaka kile kishikizo cha mwisho wa sloti kitoe mlio, kisha kaza skurubu kwa bisibisi ya nyota. Kadi isiyokazwa hulegea mashine ikisafirishwa, na barabara zetu za mlimani, huko kwenye mawe, zinaitikisa haswa.

Chomeka monita zote mashine ikiwa imezimwa, na zote kwenye kadi.

Hatua ya 5: draiva na mpangilio

Weka draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA, ondoa kwanza ya zamani kwa programu ya DDU, Windows ikiwa imewashwa kwa hali salama.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague chaguo la tatu, lile la kutandaza. Kwenye mipangilio ya skrini utaona visanduku vyenye namba 1, 2 na 3. Vivute vikae kama monita zilivyokaa mezani, la sivyo kipanya kitatokea kushoto wakati wewe unakitafuta kulia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya juu ya kila monita uangalie hezi, yaani picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde. Windows hupenda kuiacha monita ya 144 kwenye 60, na kuna watu wamekaa mwaka mzima hivyo bila kujua.

Kwa gemu lililotandaa, fungua paneli ya NVIDIA uwashe Surround. Monita tatu zinaunganishwa kuwa moja ya 5760 kwa 1080. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nilimwambia dogo anunue monita tatu za aina moja. Zikitofautiana vipimo, mfumo unagoma au unazishusha zote zifuate iliyo dhaifu. Ndani ya gemu rekebisha upana wa uwanja wa macho, ila ukiuzidisha picha za pembeni zitavutika kama ugali wa muhogo. AMD wana kitu kama hicho, wanakiita Eyefinity.

Sasa, kadi ya pili

Wazo la kadi mbili kuchora gemu moja ni la zamani. 3dfx walilileta mwaka 1998 na Voodoo2, NVIDIA wakalifufua mwaka 2004 kwa jina la SLI, ATI, ambao baadaye walinunuliwa na AMD, wakaja na CrossFire. Limeshazikwa. Tangu Januari 1, 2021 NVIDIA hawaongezi mipangilio mipya ya SLI kwa kadi za zamani, na katika GeForce, RTX 3090 na 3090 Ti ndizo za mwisho kuwa na mahali pa kuchomeka daraja la kuunganisha. GTX 1660 Super haikuwahi kuwa nalo. Dogo angefunga ya pili, gemu lake lisingeongezeka hata fremu moja.

Kuna anayefaidika, lakini. Mteja wangu wa Buswelu anachora nyumba za watu kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, na mwenye kiwanja anataka kuona sebule yake kabla hajanunua tofali. Blender inagawa kazi kwa kadi zote zilizopo, na kadi mbili zinazofanana zinakaribia kuupunguza muda kwa nusu. Tulimfungia RTX 3060 mbili. Kila moja wati 170, kwa hiyo 340, prosesa na vingine 150, jumla 490. Tuliweka pawa saplai ya wati 750. Alidhani atapata GB 24 za kumbukumbu. Hapana. Kila kadi inapakia mchoro mzima peke yake, kwa hiyo dari yake ni GB 12 zile zile.

Kabla ya kununua soma kitabu cha madabodi. Kwenye B450 nyingi sloti ndefu ya pili ni ndefu kwa sura tu, ndani yake ina njia nne tu za data za kasi ya zamani, na kadi ya chini inaiziba pumzi ya juu. Acha nafasi ya angalau sloti moja tupu katikati. Na usichanganye kadi mpya na GT 730 uliyoikuta kabatini. Draiva mpya za NVIDIA haziitambui, ya zamani inaweza isiitambue kadi mpya, utashinda hapo siku nzima.

Joto na wadudu

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na feni zinafanya kazi zaidi kidogo kuliko zingefanya pwani kwa joto lile lile. Hilo silihofii. Ninachohofia ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni na kufuata taa. Monita tatu zinazowaka usiku kwenye chumba kinachotazama maji ni mwaliko. Nimefungua kesi ya Kirumba nikakuta mkeka wa wadudu waliokufa umeziba mapezi ya kadi, na kadi ilikuwa nyuzi 86 bila sababu nyingine. Weka wavu wa mbu dirishani, na kesi iinue kutoka sakafuni. Unapopuliza vumbi, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Ukimaliza, cheza nusu saa huku ukisoma joto la kadi. Likituama chini ya 80, funga kifuniko. Dogo wa Nyegezi alituama kwenye 71, na hela ya kadi ya pili ikawa monita ya tatu, UPS, na nauli ya bodaboda ya kurudi.